Nani anapima hewa iliyo juu ya vichwa vyetu?

Najua nimeadimika hapa kijiweni. Kazi ya gazeti mnaijua wenyewe, hujamaliza habari ya leo mhariri anakuuliza ya kesho. Leo nimepata wasaa kidogo na nataka kutubu hadharani. Kuna habari kubwa ilinipita juu ya kichwa. Sisemi kwa mafumbo. Ilipita huko juu angani, kilometa ishirini na kitu, nami niko dawatini nakunywa chai ya mama ntilie.

Tarehe 15 Januari 2022 volkano iliyo chini ya bahari kule Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, ililipuka. Si mlipuko wa kawaida. Ulirusha majivu, gesi na maji ya bahari yaliyogeuka mvuke hadi zaidi ya kilometa 50 kwenda juu. Wiki ile mimi ndiye niliyepewa ukurasa wa habari za kimataifa. Nilifanya nini? Nilichukua habari ya shirika moja la nje, nikaitafsiri, nikaweka picha ya setilaiti, aya sita, kazi kwisha. Nakumbuka niliandika "visiwa vya mbali".

Kumbe wingu lile halikujua kwamba Tonga ni mbali! Upepo wa huko juu ulilisukuma kuelekea magharibi, likapita Australia, likaingia Bahari ya Hindi. Ndani ya siku chache lilikuwa juu ya kisiwa cha Réunion, kile cha Wafaransa kilicho mashariki ya Madagascar. Pale kuna kituo cha utafiti kiitwacho Maïdo, kimejengwa mlimani takriban mita 2,160 kutoka usawa wa bahari, na kilifunguliwa mwaka 2012. Wale jamaa hawakusubiri shirika la habari. Waliwasha leza zao, wakazielekeza juu, wakaliona wingu lile tabaka kwa tabaka. Kisha wakarusha maputo kupima mvuke na ozoni ndani yake.

Walichokikuta kiliwashangaza wataalamu. Volkano ile ilikuwa imetupa takriban tani milioni 150 za maji katika stratosfia, yaani lile tabaka la juu lenye ozoni nyingi. Hiyo ni kama kuongeza asilimia 10 ya mvuke wote uliokuwemo humo kwa siku moja. Na mvuke huo, ukichanganyika na chumvi ya bahari na chembechembe za salfa, uliharakisha kemia inayoila ozoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulieleza kwamba katika muda wa wiki moja ozoni ya stratosfia ilipungua kwa takriban asilimia 5 katika eneo la kusini-magharibi ya Pasifiki na Bahari ya Hindi.

Bahari ya Hindi, jamani. Hii hii tunayoogelea pale Coco Beach.

Mimi nilikuja kuyasoma hayo baadaye, tena kwa bahati, nikitafuta jambo jingine kabisa. Nikajiuliza swali ambalo ndilo kichwa cha makala haya. Wale wa Réunion wanajua kilichopita juu yao. Sisi je? Nani anapima hewa iliyo juu ya vichwa vyetu?

Kabla hujaniambia "ndugu mwandishi, acha mambo ya wazungu, andika habari za bei ya unga", nivumilie kidogo. Nitafika kwenye unga.

Kwanza ozoni yenyewe. Wengi tuliisikia shuleni kama mwavuli wa dunia, na ni kweli. Ile ya juu hutukinga na miale ya urujuanimno ya jua inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walipotangaza kwamba mwavuli huo umetoboka kule Antaktika, dunia ilishtuka, na mwaka 1987 ikasaini Itifaki ya Montreal kuzuia gesi za mafriji na za makopo ya kupulizia. Lakini ozoni hiyo hiyo ikiwa hapa chini tunapovuta pumzi, ni sumu. Hutengenezwa na jua likipiga moshi wa magari, wa viwanda na wa moto wa nyika. Hukwaruza mapafu, humtesa mwenye pumu, na hupunguza mavuno shambani. Kwa hiyo ukiniambia "kuna ozoni kiasi hiki" bila kuniambia iko kimo gani, hujaniambia kitu. Iko juu kama mwavuli au iko chini kama moshi?

Mvuke wa maji nao ni hivyo hivyo. Ndiyo malighafi ya mvua, na pia ndiyo gesijoto nyingi kuliko zote angani. Hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 ya sentigredi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Lakini mvuke haukai sawasawa kama maji ndani ya ndoo. Unaweza kuwa na hewa yenye unyevu mzuri hapa chini, halafu kilometa mbili juu kuna tabaka kavu linaloua mawingu yote yanayojaribu kupanda.

Sasa utajuaje kilichopo kimo kipi? Hapo ndipo inapoingia lida.

Niliyenielewesha lida ni rafiki yangu niliyesoma naye Mlimani. Mimi nilikuwa huku kwenye uandishi, yeye kule kwenye fizikia, na hosteli tulimwita Profesa. Leo Profesa anauza simu na makava Kariakoo. Nilimfuata dukani kwake jioni moja, akaniwekea stuli, akaanza kunifundisha huku anamhudumia mama mmoja aliyetaka chaja.

"Umewahi kusafiri usiku kwenye barabara ya vumbi?" aliniuliza.

Nikamjibu nani hajasafiri.

"Taa za gari zikiwaka unauona mwanga wenyewe, si ndiyo? Unauona kwa sababu vumbi linaurudisha kidogo kwenye macho yako. Lida ni hivyo. Unarusha mwanga wa leza juu, hewa inarudisha kidogo, unaudaka kwa darubini. Unahesabu umechukua muda gani kwenda na kurudi. Mwanga unakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Uliogonga hewa ya kilometa 15 juu unarudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Uliorudi mapema umetoka karibu, uliochelewa umetoka mbali."

Sawa, nikamwambia, lakini utajuaje kama ni ozoni na si vumbi tu?

Akacheka. "Chukua watu wawili. Mmoja mlevi, mwingine hajawahi kuonja hata togwa iliyolala. Wape shilingi elfu kumi kila mmoja, wapitishe mtaa mmoja. Wote wawili watalipa nauli, wote watanunua maji. Wakitokea upande wa pili wakague mifuko. Tofauti kati yao ndiyo inakuambia mtaa ule una baa ngapi."

Wadau, hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vilinishinda. Lida ya ozoni hurusha rangi mbili za mwanga zinazokaribiana. Moja ozoni inaipenda na kuinyonya, nyingine ozoni inaigusa kidogo tu. Vumbi na hewa hupunguza zote mbili karibu sawa, hiyo ndiyo nauli. Kinachobaki kama tofauti ni kazi ya ozoni. Na kwa kuwa muda wa kurudi unajulikana, unapata kiasi cha ozoni kwa kila kimo. Mvuke wa maji nao hupimwa kwa njia hiyo hiyo ukichagua rangi zinazonyonywa na maji.

Kuna na njia ya pili, iliyopewa jina la Raman, mwanasayansi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Unarusha rangi moja, na kila aina ya gesi inairudisha sehemu ndogo sana ikiwa imebadilika rangi kwa namna yake yenyewe. Mwanga uliorudishwa na maji unalinganishwa na uliorudishwa na naitrojeni, na jibu linapatikana. Ni kama kupiga hodi na kumtambua mtu kwa sauti yake ya kuitikia.

Uzuri wake ni kwamba lida haichoki. Dakika baada ya dakika inakuchorea picha, tabaka hili linashuka, lile linapanda, huu moshi umeingia saa nane usiku.

Sasa turudi nyumbani, tuone sisi tuna nini. Tusijidharau, tuna kitu. Tangu miaka ya 1990 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ikisaidiana na Uswisi, imekuwa ikirusha puto lenye kipima ozoni kutoka Nairobi, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Kituo hicho kimo katika mtandao wa nchi za tropiki uitwao SHADOZ, ulioanzishwa na NASA mwaka 1998. Mlima Kenya nao una kituo cha kupima hewa kwenye mita 3,678, kilichofunguliwa mwaka 1999. Takwimu hizi zinaheshimiwa duniani na waliozikusanya wanastahili pongezi kubwa kuliko tunazowapa.

Lakini mara moja kwa wiki! Puto linapanda kama saa moja na nusu hivi, linapasuka huko juu, basi. Siku nyingine sita hewa inafanya mambo yake bila shahidi. Na hilo puto ni la Nairobi, halijui kilichopo juu ya Tabora.

Hapo sasa ndipo ninapofika kwenye unga kama nilivyoahidi.

Nina baba mdogo anayelima mtama na mahindi kidogo kule Kondoa. Kwake mimi ni "mwandishi wa serikali", hata nimweleze vipi kwamba gazeti letu si la serikali. Mwaka juzi, mwezi Desemba, alinipigia simu. "Mwanangu, mvua ni kweli imeanza au inatudanganya?" Nilikuwa nimetoka kuandika utabiri siku ile ile. Nikamwambia kwa sauti ya msomi, "Panda tu baba, wataalamu wamesema." Alipanda. Mvua ikanyesha siku nne, ikakata wiki tatu. Mbegu ikachomeka ardhini. Alinipigia tena, hakunilaumu, aliniuliza tu kama ninaweza kumtumia hela ya mbegu nyingine. Nilituma. Aibu ile bado ninayo.

Kosa la kwanza ni langu. Taarifa ya wataalamu ilisema "inatarajiwa" na ilitaja uwezekano wa vipindi vikavu. Mimi niliona maneno hayo yanaharibu kichwa cha habari, nikayakata. Waandishi wenzangu, tusidanganyane, tunafanya hivyo kila msimu.

Lakini kosa la pili ni letu sote. Mtabiri hawezi kujua kwa uhakika mawingu yatashika au yatakufa kama hajui unyevu ukoje kilometa moja, mbili, tatu juu ya Kondoa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) liliweka kiwango mwaka 2021: vipimo vya anga la juu vifanyike mara 2 kwa siku, na vituo visiachane zaidi ya kilometa 500. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,000 kwa mstari ulionyooka. Piga hesabu mwenyewe tunahitaji vituo vingapi, halafu uulize vinavyorusha puto mara 2 kila siku bila kukosa ni vingapi. Mimi nimeanza kuuliza.

Kuna mtu atasema, setilaiti zipo, zinaona kila kitu. Zinaona mengi, sibishi. Lakini setilaiti inaangalia kutoka juu, na zile kilometa chache za chini, tunapoishi na mvua inapoanzia, ndizo zinazoisumbua zaidi, hasa mawingu yakitanda. Nitakupa mfano. Miaka ya 1980 setilaiti ziliona ozoni nyingi isivyotarajiwa juu ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini, kati ya Afrika na Brazil, mahali pasipo na kiwanda wala gari. Imetoka wapi? Septemba na Oktoba 1992 NASA ikaleta ndege aina ya DC-8 yenye lida ya ozoni, katika msafara wa utafiti ulioitwa TRACE-A. Ile lida ndiyo iliyosaidia kuchora tabaka za ozoni na moshi juu ya bahari ile. Jibu likaonekana: sehemu kubwa ilitokana na moto wa nyika na misitu, Brazil na kusini mwa Afrika. Ule moto tunaouona kila kiangazi, wa kusafisha mashamba na malisho, moshi wake unasafiri hadi katikati ya bahari na kugeuka ozoni njiani.

Ona ajabu hiyo. Nyasi za Afrika, kiberiti cha Afrika, halafu ndege inatoka Marekani kuja kutuambia moshi wetu umeishia wapi. Siwalaumu. Waliuliza swali, wakaja na chombo cha kulijibu. Ninachouliza ni kwa nini swali lile halikuulizwa na sisi, na kwa nini mpaka leo tunangoja mgeni mwingine aje na ndege.

Najua jibu la haraka. Hela. Hospitali hazina dawa, watoto wanakaa chini, wewe unataka leza? Hoja hii ina uzito na sitaikwepa. Lida kubwa kama za Maïdo si za bei ndogo, zinataka umeme usiokatika na fundi anayezijua. Pia zina udhaifu wake. Wingu zito linazuia mwanga, na zile za Raman zinaona vizuri zaidi usiku kwa sababu mchana jua linazizidi nguvu. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba tukinunua lida moja basi mvua itatabirika kama ratiba ya treni.

Ila nasema mambo mawili. La kwanza, si lazima tuanze na kubwa. Viwanja vingi vya ndege duniani vinatumia leza ndogo kupima kimo cha mawingu, na hiyo nayo ni jamii ya lida. Kule Marekani, kituo cha utafiti wa anga cha NCAR na Chuo Kikuu cha Montana State wametengeneza lida ya mvuke inayotumia leza ndogo za daiodi, isiyoumiza macho, inayofanya kazi usiku na mchana bila mtu kuikalia. Vitu vinashuka bei. Nchi za Afrika Mashariki zinakutana kila siku kujadili forodha na pasipoti, haziwezi kuchangia chombo kimoja cha pamoja, kikakaa katika chuo kimojawapo? Wingu halina pasipoti.

La pili, gharama ya kutopima nayo ni hela, ila hailipwi na wizara. Inalipwa na baba mdogo akinunua mbegu mara mbili. Inalipwa na mtoto mwenye pumu anayekaa kando ya barabara yenye foleni. Kwa kuwa bili hiyo haipiti bungeni, tunajidanganya kwamba haipo.

Halafu kuna gharama nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Jioni ile Kariakoo, Profesa alipomaliza kunifundisha, nilimuuliza mara ya mwisho alifanya fizikia lini. Akaangalia makava yake ya simu yaliyopangwa kwa rangi. Akasema, "Leo, na wewe." Mtu huyu tulimsomesha kwa kodi. Angeweza kuwa mlimani fulani usiku huu, anasoma anga. Hatukosi vichwa wadau. Tumevijaza madukani, halafu tukasema hatuna wataalamu.

Kwa hiyo mimi nimejipa kazi. Nimeacha kukata neno "inatarajiwa". Na kila nitakapokaa mbele ya mkubwa anayehutubia kuhusu mabadiliko ya tabianchi, nitamuuliza swali moja tu: mheshimiwa, bajeti ya mwaka huu imetenga kiasi gani kwa ajili ya kupima anga letu, na nani atakayepima? Nawaomba waandishi wenzangu mniibie swali hili bure. Tukiliuliza kumi kwa siku moja, kuna mtu ataanza kulitafutia jibu.

Baba mdogo alipiga juzi. Ameniuliza tena kuhusu mvua. Safari hii nilimsomea taarifa yote, neno kwa neno, pamoja na yale maneno ya mashaka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe na wao hawana hakika." Nikamwambia ndiyo baba, hawana, kwa sababu hatujawapa macho.

Mnasemaje wadau? Kama uko hali ya hewa, chuoni, au unauza makava kama Profesa huku fizikia iko kichwani, toa maoni yako. Ninapokosea nirekebishwe.

Nawasilisha.